Ushauri nasaha wa uraibu gerezani: mwongozo kwa anayeanza kazi

Mfungwa wa kwanza kukaa mbele yangu alijibu maswali yote vizuri mno, nikatoka nikijipongeza. Alitaja pombe, akataja bangi, akataja majuto, akamalizia kwa kuniombea dua. Wiki ya pili nikawa nasikia majibu yale yale, neno kwa neno, kutoka kwa watu wengine watano wa selo moja. Aliyetangulia kwenye usaili alikuwa amewafundisha wenzake mshauri anapenda kusikia nini, maana kulikuwa na uvumi kwamba anayeandikishwa kwenye programu hupunguziwa kifungo.

Nasimulia hili mapema ili ujue unaingia wapi. Gerezani watu wana muda, wana akili, na wana sababu nzito za kukufurahisha. Na hata yule aliyeacha kweli akiwa ndani, huenda ameacha kwa sababu mzigo haupatikani au deni limemshinda. Kipimo chenyewe kiko nje ya lango. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Ingrid Binswanger walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani. Katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dozi ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo hilo. Kila ninalofanya ndani, kuanzia siku ya usaili, nalipanga nikiziangalia wiki hizo mbili.

Hatua ya 1: Jua unamtumikia nani

Kabla hujapewa kitambulisho, omba kikao na mkuu wa gereza na umuulize mambo matatu: nani atasoma mafaili yangu? Je, nitatakiwa kutoa maoni kuhusu adhabu au kuachiwa kwa mfungwa? Nitazungumza na watu chumba gani? Majibu yaandikwe na kusainiwa. Usione haya kuyadai, kwa sababu siku itakayotokea fujo bwenini, ahadi za mdomo hazitakumbukwa na mtu.

Silaha yako hapa ni Kanuni za Nelson Mandela, yaani kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu namna ya kuwatunza wafungwa, zilizopitishwa upya na Baraza Kuu mwaka 2015. Kanuni ya 24 inasema mfungwa apate huduma za afya za kiwango kile kile kinachopatikana uraiani, na inataja wazi mwendelezo wa tiba, ikiwemo tiba ya uraibu wa dawa za kulevya. Kanuni ya 32 inalinda siri ya mgonjwa, isipokuwa pale ambapo kuitunza kutaleta hatari ya kweli na ya karibu kwake au kwa wengine. Zichape, uzibebe. Wakuu wengi wa magereza niliokutana nao hawana ubaya; hawajawahi tu kuonyeshwa karatasi hizo.

Ukitakiwa uwe mshauri wa mtu na wakati huo huo uwe shahidi wa tabia yake mbele ya kamati ya kumwachia, kataa kimoja. Huwezi kumwambia mtu "fungua moyo" halafu ukaketi upande wa pili wa meza siku ya hukumu yake. Kama gereza linahitaji ripoti, iwe ya mahudhurio tu: amekuja vikao vingapi, basi.

Kuhusu mafunzo: mtaala unaotumika nchi nyingi kwa fani hii ni ule wa UTC (mtaala wa kimataifa wa tiba ya uraibu) ulioandaliwa chini ya Mpango wa Colombo, shirika la ushirikiano wa nchi mbalimbali, na vyeti vyake vya utaalamu, ICAP, hutolewa kwa ngazi. Ni msingi mzuri, ila ulitungwa kwa vituo vya tiba vya kila aina. Mambo ya gereza utajifunzia gerezani. Na kama wewe mwenyewe uliwahi kuwa mraibu, hiyo ni mali, lakini sema mapema kwa waajiri wako, na usiifanye historia yako kuwa somo la kila kikao. Mtu akija na maumivu yake asikute kiti kimeshakaliwa na ya kwako.

Hatua ya 2: Jifunze gereza kabla ya kufundisha chochote

Wiki mbili za kwanza tembea, salimia, tazama. Hesabu hufanyika saa ngapi? Milango hufungwa lini? Upekuzi ukitokea, watu wako watazuiwa kutoka kwa muda gani? Mshauri asiyejua saa za hesabu atapanga vikao vinavyokatwa katikati kila siku, halafu atalalamika kwamba wafungwa hawana nidhamu.

Chumba chako kiwe na dirisha ambalo askari anaweza kukuona bila kukusikia. Kiti chako kiwe upande wa mlango, na cha mwenzako kisizibe njia. Usiingie na simu, dawa zako binafsi, wala fedha za ziada. Mkoba uwe mwepesi, na wewe ndiye wa kuufungua bila kuombwa. Ukionyesha kwamba upekuzi haukukeri, askari nao wataacha kukutilia shaka.

Halafu kuna vijimambo vidogo. Hakuna mtu atakayekuomba siku ya kwanza uingize kete ya unga. Atakuomba kalamu. Kesho yake atakuomba umpigie dada yake umwambie hajambo. Wiki ijayo ni barua, "haina chochote, soma mwenyewe". Barua ikishapita, siku moja atakukumbusha kwamba unajua na yeye anajua, na kuanzia hapo wewe ni mali yake. Dawa ni jibu moja kwa watu wote, tangu kalamu: "Hilo sifanyi, ila nitakwambia utaratibu wake uko kwa nani." Liseme kwa upole, liseme kila mara. Wafungwa wenyewe hupumua wakishajua mpaka uko wapi, maana hata wale wanaotumwa na wengine kukujaribu wanapata la kwenda kujibu.

Askari usiwadharau. Wao wapo saa ishirini na nne, wewe uko saa sita. Mmoja alinidokeza kwamba mteja wangu amekuwa akigawa chakula chake siku tatu mfululizo. Nilidhani ni ukarimu, kumbe alikuwa analipa deni. Habari zije kwako kutoka kwao. Za kwako zisiende kwao. Huo ndio mkataba, na ukiwaeleza sababu zake wengi wanaukubali.

Hatua ya 3: Saa 72 za kwanza za mtu mpya

Hapa ndipo watu wanapofia, na hapa ndipo mshauri anaweza kuokoa maisha bila kutoa ushauri wowote. Mtu anakamatwa akiwa anakunywa kila siku au anatumia kila siku, anafungiwa, na mwili unaanza kudai.

Arosto, yaani mateso ya mwili unaokosa kilevi ulichokizoea, ikiwa ya heroini inatisha kwa macho: jasho, kamasi, kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, vipele vya baridi. Huanza kati ya saa 8 na 24 baada ya matumizi ya mwisho, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida hupungua ndani ya siku kumi. Watu husema haiui. Ni kweli kwamba yenyewe huua kwa nadra, lakini kutapika na kuharisha bila kurudishiwa maji kumeshaua watu selo. Anayeharisha na kutapika anahitaji maji ya chumvi na sukari na mtu wa kumtazama, na akishindwa kuhifadhi maji tumboni apelekwe zahanati.

Pombe inaonekana ya kawaida, na ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mikono hutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege huja mara nyingi ndani ya saa 48 za kwanza. Kisha, kati ya siku ya pili na ya nne, baadhi huchanganyikiwa kabisa: wanaona wadudu ukutani, wanazungumza na wasiokuwepo, joto la mwili na mapigo ya moyo yanapanda. Hiyo ni dharura ya hospitali. Vidonge vya usingizi na vya kutuliza wasiwasi vya jamii ya diazepamu navyo, mtu akivikata ghafla baada ya kuvitumia muda mrefu, huleta degedege, na huenda ikachelewa hadi siku kadhaa.

Nimewahi kufika asubuhi nikakuta mtu amehamishiwa selo ya adhabu kwa "kiburi". Usiku kucha alikuwa akipiga mlango na kumfokea mtu aliyedai amesimama pembeni yake. Nilimuuliza mwenzake wa selo swali moja: alikuwa mnywaji? "Huyo? Alikuwa anaamka nayo." Ilikuwa siku yake ya tatu tangu akamatwe. Alipelekwa hospitali akapona. Tangu siku ile sijawahi kuanza asubuhi bila kupitia orodha ya walioingia.

Kwa hiyo, kwa kila anayeingia, uliza au hakikisha muuguzi ameuliza: unatumia nini, kiasi gani kwa siku, mara ya mwisho ilikuwa lini, umewahi kuanguka kifafa ulipoacha, umewahi kutaka kujiua. Kanuni ya 30 ya zile za Mandela inataka uchunguzi wa mwanzo uangalie dalili za arosto na hatari ya kujidhuru, kwa hiyo humwombi mtu fadhila. Hilo swali la mwisho usiliogope. Kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpunguzia upweke. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na siri inaishia hapo.

Hatua ya 4: Usaili

Usifanye usaili mrefu mtu akiwa na arosto. Subiri alale, ale, aoge.

Kabla ya swali la kwanza, eleza mipaka ya siri kwa maneno yake. Mimi husema hivi: "Utakayoniambia yanabaki hapa. Vitu vitatu havibaki: ukitaka kujiua, ukitaka kumdhuru mtu, au kukiwa na mpango wa kutoroka. Hivyo usiniambie kama hutaki nivichukulie hatua." Kuna gereza litakaloongeza cha nne, basi kiseme. Baya ni mtu kuja kugundua baadaye.

Vipimo viwili vya Shirika la Afya Duniani vinatosha kuanzia. AUDIT ni cha pombe, maswali 10, na alama 8 au zaidi ni ishara kwamba unywaji una madhara. ASSIST kina maswali 8 na kinagusa kila kitu, kuanzia tumbaku hadi heroini. Yasome kwa sauti, usimpe karatasi ajaze, kwa sababu wengi hawatakwambia kwamba hawasomi vizuri. Na kwa kuwa yanauliza kuhusu miezi iliyopita, mwambie ajibu kwa kufikiria miezi ya mwisho kabla ya kukamatwa.

Kisha ongeza maswali ambayo vipimo havina. Una deni humu ndani, na unamdai au unadaiwa na nani? Hapa unatumia nini sasa? Ukishikwa na hamu usiku mlango umefungwa, unafanyaje? Tarehe yako ya kutoka ni lini, na ukitoka kesho utalala wapi? Hilo la mwisho liandike juu kabisa ya faili, hata kama amefungwa miaka kumi.

Mahabusu wawekee alama ya pekee. Mfungwa ana tarehe; mahabusu anaweza kupelekwa mahakamani asubuhi, kesi ikafutwa, asirudi tena, na wewe ukabaki na kiti kitupu. Nimepoteza wengi hivyo. Sasa mahabusu hupata mpango wake wa kutoka katika kikao cha kwanza, nusu ukurasa tu, na elimu ya kuzidisha dozi hapo hapo.

Hatua ya 5: Mazungumzo ya mmoja mmoja

Atakuita afande. Mwache mara moja, ya pili msahihishe: "Mimi si afande, niite mwalimu, au kaka, au jina langu." Utaona tofauti ndogo kama hiyo inavyolegeza mabega.

Njia iliyonisaidia zaidi ni ile ya usaili wa kuamsha motisha, iliyoanzishwa na William Miller mwaka 1983 na kuendelezwa na Stephen Rollnick. Kiini chake ni kwamba mraibu ana nia mbili kwa wakati mmoja: anataka kuacha na anataka kuendelea. Ukimshikia bango upande wa kuacha, yeye atatetea upande wa kuendelea, kwa sababu ndio uliobaki bila wakili. Gerezani hali hii ni kali zaidi: mtu amesukumwa na polisi, na hakimu, na askari, na sasa na wewe.

Tazama mfano huu. Mtu ananiambia:

"Mwalimu, bangi siachi. Ndiyo inanipa usingizi humu."

Jibu la haraka lingekuwa kumweleza madhara. Anayajua kuliko mimi. Nikamjibu, "Bila bangi usiku ni mrefu."

"Mrefu sana. Nikilala bila kuvuta naota yale mambo."

"Yale mambo."

Akanyamaza muda. "Ya mdogo wangu." Akasimulia. Mwishoni akasema mwenyewe, "Na bangi yenyewe imeniweka deni ambalo mama ndiye analilipa kule nje. Hiyo ndiyo inaniuma."

Neno hilo la mwisho ndilo la kushika. Sikumwambia mimi, limetoka kwake. Kazi yangu kwa dakika zilizobaki ilikuwa kulizungusha: inamuuma vipi, angependa iweje, kati ya sifuri na kumi anaona kuna umuhimu gani wa kumaliza deni hilo. Akisema nne, usimuulize kwa nini si tisa. Muulize kwa nini si mbili. Atakutajia sababu zake za kubadilika.

Usisahau, hata hivyo, kwamba ndoto zile ni jeraha linalotaka mtaalamu. Kama gereza lina daktari wa akili au mwanasaikolojia, mpeleke. Kama hakuna, mfundishe mbinu za kutulia, na usimchimbue zaidi ya unavyoweza kumfunika.

Hatua ya 6: Kundi

Watu wanane hadi kumi na wawili, dakika tisini, siku na saa ile ile. Kundi kubwa zaidi ya hapo hugeuka mkutano wa hadhara.

Jambo ambalo vitabu vya uraiani havikuambii ni hili: baada ya kikao, hawa hawaendi makwao. Wanarudi kulala ubavu kwa ubavu na waliowasikiliza. Siri aliyoitoa saa nne asubuhi inaweza kuwa silaha dhidi yake saa kumi jioni. Kwa sababu hiyo mimi siwaulizi watu kundini walichofanyiwa utotoni, wala kosa lililowaleta. Kundini tunazungumzia hamu, madeni, hasira, namna ya kukataa, barua kutoka nyumbani, mipango ya kutoka. Yaliyobaki yana chumba chake, cha watu wawili. Na dakika kumi za mwisho ni za kufunga: hakuna anayetoka akilia.

Angalia nani ni nani. Mnyapara akiwa ndani ya kundi, wengine watazungumza kumridhisha yeye. Anayeuza akikaa na anayemdai, hutapata neno la kweli. Panga makundi ukiwa na orodha ya mabweni mkononi, na muulize kila mtu faraghani, kabla hujamweka, kama kuna asiyeweza kukaa naye.

Andaa masomo yanayoweza kukatika. Kila kikao kiwe na jambo moja linalokamilika ndani ya dakika ishirini za mwanzo, ili king'ora kikilia watu waondoke na kitu. Maneno manne niliyoyaona yakidumu midomoni mwa watu kuliko mhadhara wowote ni njaa, hasira, upweke, uchovu: hamu ikikushika, jiulize ni lipi kati ya hayo lililotangulia. Somo jingine linalozaa ni la kuteleza. Mwanasaikolojia Alan Marlatt alieleza jinsi mtu aliyeapa kuacha kabisa, akivuta mara moja tu, hujiona ameshaharibu kila kitu, na aibu hiyo ndiyo humrudisha kwenye matumizi makubwa. Wafundishe kutofautisha kuteleza na kuporomoka, na wachore njia ya kurudi kabla hawajaihitaji.

Makundi ya kusaidiana bila mtaalamu nayo yana nafasi. AA, chama cha waraibu wa pombe wanaosaidiana kuacha, walianzisha kundi lao la kwanza gerezani huko San Quentin, California, mwaka 1942. Uzuri wake ni kwamba mtu akitoka anaweza kukuta kundi kama hilo linamsubiri nje. Ila lisiwe la lazima, na asiyeamini lugha yake ya kiroho apewe njia nyingine.

Hatua ya 7: Dawa

Wewe huandiki dawa, lakini usipozielewa utaharibu kazi ya daktari. Kwa uraibu wa heroini kuna methadoni, buprenofini na naltreksoni. Mbili za kwanza huondoa arosto na hamu kwa kushika nafasi ile ile ya heroini kwa utulivu. Ya tatu hufunga nafasi hiyo, na haitolewi mpaka mwili uwe safi. Utasikia askari, na pengine washauri wenzako, wakisema kumpa mtu methadoni ni kubadilisha uteja kwa uteja. Jimbo la Rhode Island, Marekani, lilianza mwaka 2016 kutoa dawa zote tatu magerezani. Vifo vya kuzidisha dozi kwa watu waliotoka gerezani karibuni vilishuka kutoka 26 katika nusu ya kwanza ya mwaka huo hadi 9 katika nusu ya kwanza ya mwaka 2017. Mimi sina hoja nyingine inayoshinda hiyo.

Jambo moja la kukaa nalo kichwani. Mtu aliyetulia kwenye methadoni kwa miezi anakuja analalamika arosto, anadai dozi haimtoshi. Kila mtu anadhani anataka kuongezewa ili auze. Kabla ya kumhukumu, uliza kama ameanzishiwa dawa za kifua kikuu. Rifampisini hupunguza methadoni mwilini kwa kasi, na baadhi ya dawa za VVU, kama efavirenzi na nevirapini, hufanya vivyo hivyo. Anasema kweli, na daktari anaweza kurekebisha dozi.

Uuzaji wa dawa upo pia, tusidanganyane. Buprenofini ya chini ya ulimi hufichwa mdomoni ikauzwa. Hilo hutatuliwa na muuguzi anayesimamia unywaji. Wewe usiwe mpekuzi wa midomo ya watu unaotaka wakufungulie midomo hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Akitumia akiwa ndani

Atatumia. Kuna unga unaopita ukutani, kuna pombe inayochachushwa kwenye mifuko chini ya vitanda, kuna vidonge vya wagonjwa. Asikwambie mtu gereza lake ni safi.

Vipimo vya mkojo visifanywe na wewe, na majibu yasikae kwenye faili lako. Elewa pia kinachofanyika gereza likipima kwa adhabu tu: bangi huweza kuonekana kwa wiki kadhaa kwa mvutaji wa kila siku, heroini hupotea ndani ya siku chache. Mfungwa anayejua hesabu hiyo, na wote wanaijua, ana sababu ya kuhama kutoka ile nyepesi kwenda ile inayoua.

Mtu akikwambia ametumia, mshukuru kwa kusema. Uliza alitumia vipi. Kama ni sindano, sindano moja gerezani huweza kupita mikono mingi, na hapo kuna VVU na homa ya ini aina C, mpeleke akapime. Usimfukuze kwenye programu. Kumwondoa mraibu kwenye tiba kwa sababu ameonyesha dalili ya uraibu ni jambo ambalo mpaka leo sijaelewa mantiki yake, ingawa nimefanya kazi mahali palipokuwa na kanuni hiyo na niliifuata mwaka mzima kabla ya kuibishia.

Hatua ya 9: Faili, na wewe mwenyewe

Andika kifupi: alichosema kinachohusu tiba, ulichokiona, mlichokubaliana, kinachofuata. Majina ya wauzaji na wadeni yasiandikwe popote. Andika kana kwamba faili litasomwa mahakamani, maana huenda likasomwa.

Kuhusu wewe: tafuta msimamizi wa kitaalamu nje ya gereza, mkutane angalau mara moja kwa mwezi. Dalili ninayoiangalia kwangu ni ucheshi. Nikianza kuwatania wateja wangu mbele ya askari, najua nimechoka.

Hatua ya 10: Lango

Miezi mitatu kabla ya tarehe, vikao vibadilike. Anza na mwili: uwezo wake wa kuhimili dawa umeshuka. Dozi aliyokuwa akiichukua kabla ya kufungwa, ambayo zamani ilimpa nafuu tu, sasa inaweza kumsimamisha pumzi. Mwambie hivyo waziwazi, hata kama ameapa hatagusa tena. Wengine huniambia, "Mwalimu, kwa nini unaniwazia mabaya?" Nawajibu kwamba mkanda wa gari hufungwa na anayetegemea kufika salama. Mwambie pia asitumie peke yake, asichanganye unga na pombe au vidonge, na dalili za kuzidisha dozi ni zipi: haamki, midomo imegeuka rangi, anakoroma kwa kukwama au hapumui.

Naloksoni, dawa ya dharura ya kutengua heroini, ya kupuliza puani au kuchoma kwenye msuli, hurudisha pumzi ndani ya dakika chache. Uskoti ilianza mwaka 2011 mpango wa taifa unaowapa wanaotoka gerezani naloksoni ya kwenda nayo. Kama mnayo, mpe, na mfundishe atakayekuwa naye nyumbani, kwa sababu aliyezimia hawezi kujipulizia. Sisitiza kwamba nguvu yake hudumu dakika 30 hadi 90, na unga unaweza kuishinda kwa muda. Aliyeamka lazima aende hospitali.

Aliye kwenye methadoni atoke na barua ya kliniki, jina la atakayempokea na miadi ya kesho yake. Miadi ya wiki ijayo ni sawa na kutokuwa na miadi. Epuka pia kutolewa Ijumaa jioni ikiwezekana. Zungumza na ofisi ya kumbukumbu mapema.

Halafu kaa naye mchore saa 72 za kwanza, saa kwa saa. Nani anampokea langoni? Atapita njia gani, na je, njia hiyo inapita kijiweni? Fedha zake za kwanza atashika yeye au mtu mwingine? Namba za simu za nani hatazirudisha? Usikubali jibu la jumla. Kijana mmoja aliyebakiza wiki mbili nilimuuliza usiku wa kwanza atalala wapi.

"Nyumbani, kwa mama."

"Mama anajua tarehe?"

"Atafurahi tu."

"Anajua tarehe?"

Akatazama sakafu. Hawakuwa wamezungumza kwa miaka miwili. Kesho yake tukampigia kupitia ofisi ya ustawi, simu ikiwa mezani katikati yetu. Mama alilia, akamshukuru Mungu, kisha akasema chumba chake kimepangishwa na mpangaji amelipa mpaka mwisho wa mwaka. Tulikuwa na siku kumi na tatu za kutafuta pengine, tukaanza na shangazi.